Wati 15,000 za Baba Zuhura

Mjini hapa ukitaka kujua kwamba huna hela, usisumbuke kwenda kuangalia salio. Nenda Kariakoo kaulizie sabufa. Utajijua wewe, utajijua na ukoo wako.

Mimi sikuwa na ugomvi na sauti. TV yangu ya flati, inchi 32, ilikuwa inajisemea taratibu pale ukutani, tunasikilizana. Watu wa kwenye muvi wakipigana tunaona ngumi, mlio tunajiwekea wenyewe kichwani. Maisha yanakwenda. Mara akahamia kijana nyumba ya mbele. Hana mke, hana mtoto, hana hata sufuria ya maana. Ana homu thieta. Akiwasha yeye kule, vikombe vyangu kabatini vinagongana huku. Vikombe vyangu, kabati langu, muvi yake! Mama Zuhura hasemi kitu. Anakitazama kikombe, halafu ananitazama mimi. Wewe uliyeoa unajua macho yale yanagharimu shilingi ngapi.

Jioni moja akauliza, "Baba Zuhura, hivi TV yetu nayo ina besi?"

Nikamjibu ipo, ila nimeipunguza.

Akanyamaza. Jamani, mwanamke akigomba una nafuu. Akinyamaza, kesho yake unavunja kibubu. Na kwenye kibubu mlikuwa na laki mbili na vichenji, pesa yenye shughuli zake. Ilikuwa inasubiri kuongezewa ifike kodi ya miezi mitatu. Nikaibadilishia kazi. Mwenye nyumba tutaongea, ni mtu mzima mwenzangu.

Sasa Kariakoo. Ukishusha mguu mmoja kwenye daladala, wa pili anakushushia winga. Kama huishi Dar, winga ni kijana asiye na duka wala bidhaa, ila maduka yote ni yake na bidhaa zote anazo. Unamtajia shida yako, anakupeleka kwa mwenye duka, cha juu kinapanda hapo katikati, na wewe unamshukuru kwa msaada. Mimi hata sikutaja. Kijana alinitazama usoni tu akasema, "Bosi wangu, sabufa?" Nikashtuka. Imeandikwa wapi? Nikamwambia napita tu. Akasema, "Haya, twende nikupitishe."

Tukaingia kichochoro, tukapanda ngazi, tukashuka ngazi nyingine, tukatokea palepale karibu na tulipoanzia. Fremu yenyewe upana wake mlango. Sabufa zimepangwa mpaka darini, zote zinawaka. Bluu, nyekundu, kijani, taa zinafukuzana kuzunguka spika. Mimi nilikwenda kununua sauti. Palepale nikasahau sauti, nikaanza kuchagua taa.

Muuzaji akauliza, "Unataka mbili moja, tatu moja, au tano moja?"

Mwenzenu ni mwana Msimbazi. Mtu akinitamkia "tano moja" mbele za watu, mimi sisikii spika. Nasikia tarehe 5 Novemba 2023, Uwanja wa Mkapa, Yanga 5, Simba 1. Nikamtazama muuzaji vizuri. Ukutani nyuma yake kalenda ya kijani na njano. Nikasema anhaa.

"Tano moja ina nini?" nikauliza, sauti nimeikaza.

"Tano moja ndiyo habari ya mjini, bosi. Spika tano zinakuzunguka. Wewe uko katikati, unapigwa kila upande, hujui imetokea wapi."

Nikamwambia hiyo naijua, nilikuwepo uwanjani.

Nikachukua tatu moja. Watu wanaoniuliza kwa nini sikuchukua ile ya spika nyingi nawajibu ni bei. Wewe nakwambia ukweli: ile namba kwangu haiingii. Kumbe, fundi redio wa mtaani kwetu ndiye aliyekuja kunieleza, ile tano ni spika za sauti ya kawaida, tatu mbele na mbili nyuma yako, na ile moja ya mwisho ndiyo sabufa. Tena inaandikwa nukta moja kwa sababu haipewi sauti nzima, inapewa kipande cha chini tu, ngurumo na milipuko. Basi nikamuuliza, hii yangu ya tatu moja, spika ya tatu inaimba nini? Akaitega sikio. Akasema inaimba ileile ya wenzake.

Kujaribu sabufa Kariakoo nako ni mtihani. Muuzaji anachomeka flashi, anaweka singeli. Duka la kulia lina mteja, nao wanaweka ya kwao. La kushoto hivyohivyo. Ng'ambo ya barabara mtu anatangaza mashuka kwa kipaza sauti. Nimesimama pale natikisa kichwa kitaalamu, na besi inayonitikisa tumbo sijui ni ya duka gani. Mpaka leo nina wasiwasi kwamba niliipenda ya jirani.

Halafu wana kamchezo. Ya bei ndogo anaiwasha kidogo, ya bei kubwa anaifungulia. Sikio la mtu ndivyo lilivyo, chenye kelele zaidi linakiona ndiyo kizuri. Fundi ananiambia ukitaka kulinganisha mbili, zisawazishe sauti kwanza, halafu weka kitu unachokijua, hasa chenye mtu anaongea, maana sabufa mbovu inameza maneno. Ananiambia leo! Siku ile alikuwa wapi?

Kilichonimaliza lakini ni boksi. Ubavuni, maandishi ya dhahabu: 15,000W PMPO. Nikamuuliza muuzaji hiyo W ni nini. Akasema wati, ndiyo nguvu. Na PMPO? Akasema, "Hiyo sasa ndiyo nguvu yenyewe." Nikatosheka. Shuleni sikuwahi kufundishwa kitu nikaelewa haraka namna hiyo.

Bei akaanzia laki mbili na nusu. Nikamwambia laki moja. Akacheka. Winga akacheka. Akacheka na mteja mwingine ambaye hayamhusu. Tukavutana, tukatua kwenye laki na tisini na tano, na winga akaninong'oneza kwamba nimempiga muuzaji vibaya sana. Nilipotoka, wao wakabaki ndani wanahesabu kitu. Sikugeuka. Mpwa wangu wa Tabata akanitumia picha baadaye, boksi lilelile, dhahabu ileile. Laki na thelathini na tano. Akaandika chini, "Anko, hii ndiyo ya kwako?" Nikamjibu hapana, ya kwangu ni OG.

Boksi nalo kubwa mara mbili ya kilichomo. Kondakta wa daladala ya Tandika akasema hilo ni abiria, linalipa. Nikalilipia. Likakaa siti, mimi nikasimama nimelishikilia lisianguke. Kila anayepanda anasoma kwa sauti, "Elfu kumi na tano!" Mzee mmoja akaniuliza kama ni mashine ya kukoboa. Nikavimba kifua. Kituoni nikashukia mbali kwa makusudi ili nipite mtaa mzima, boksi begani, maandishi yakitazama mabarazani. Watoto wakanifuata nyuma wanaimba, "Baba Zuhura, wati elfu kumi na tanooo!" Kijana wa homu thieta akachungulia dirishani. Nikamwitikia kwa kichwa, kikubwa.

Sasa sikia balaa. Nyumba tunayokaa ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Mwenye akili hapo ameshaelewa. Mimi sikuelewa mpaka usiku niliposikia ndoo zinageuzwa uani, zinakuwa viti vya kikao.

Mwenyekiti Mama Salha wa vitumbua, mwenye friji la barafu. Katibu Fadhili, kijana wa chumba cha nne anayesoma umeme VETA. Fadhili ana daftari.

"Wati elfu moja zikiwaka saa moja, ndiyo yuniti moja," akaanza kijana. "Baba Zuhura kaleta elfu kumi na tano. Saa moja yuniti kumi na tano. Muvi ya saa mbili, yuniti thelathini."

Uani kimya. Kuku aliyekuwa anapita akasimama.

"Thelathini?" Mama Salha akasimama. "Na friji langu mmelisimanga mwaka mzima?"

Nikajaribu kusema hatuangalii muvi kila siku. Mzee Kondo wa chumba cha pili akasema tangazo limepita mtaa mzima likiimbwa na watoto, mtu aliyenunua kitu hicho hawezi kukiacha kikalala. Tukakubaliana, yaani wakakubaliana, kuanzia mwezi huo nusu ya umeme wa nyumba nilipe mimi, nusu iliyobaki wagawane wao.

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipoanza kuiponda sabufa yangu mwenyewe, ikiwa haijamaliza hata siku moja ndani. Nikasema ni ya bei ndogo. Nikasema ni ya Mchina. Nikasema wameniibia huko. Hakuna aliyeamini, maana mchana walikuwa wameniona ninavyotembea.

Fadhili akaomba aione mashine yenyewe. Ikaletwa uani. Hakuitazama usoni hata kidogo, hakujali taa. Akaigeuza mgongo, akawasha tochi ya simu, akasoma kastika kadogo kalikobandikwa karibu na waya. AC 220-240V, 50Hz, 50W. Akasoma tena.

"Baba, hii inakula wati hamsini."

"Na zile elfu kumi na tano?" akauliza Mama Salha.

"Zile ziko kwenye boksi."

Akapiga hesabu upya. Ili sabufa yangu imalize yuniti moja inabidi iungurume saa ishirini bila kupumzika. Mama Salha akauliza, kwa hiyo ni kama zile balbu za zamani? Fadhili akamwambia balbu ya zamani ya kawaida ilikuwa wati 60, inaizidi hii kumi. Basi ikawa kicheko. Watu walishikana mabega. Na mimi nikacheka nao, nikawapa mikono, nikawashukuru. Sijawahi kufurahia kupigwa namna ile. Nilipogeuka nikamwona Mama Zuhura amesimama mlangoni. Ananitazama. Safari hii hata kikombe hakukihitaji.

Toka hapo uani naitwa Baba Balbu.

Nikaichukua sabufa nikampelekea fundi redio wetu, yule wa kibandani mwenye maiti za redio mpaka nje. Nikamwambia arudishe zile wati zilizopotea njiani. Fundi ni mtu mstaarabu, alinikalisha kwanza. Akasema PMPO haina kipimo walichokubaliana popote. Kila kiwanda kinajumlisha kinavyojisikia, kile kishindo cha kufumba na kufumbua ambacho spika ingeweza kukitoa kabla haijaungua, kikizidishwa na idadi ya spika, kikizidishwa na hamu ya kuuza. Ukitaka nguvu ya kila siku, tafuta palipoandikwa RMS. Usipopaona, soma stika ya mgongoni, ile inayosema inakula umeme kiasi gani. Mashine haiwezi kukaa inatoa nguvu nyingi kuliko inayokula. Nikamwambia hata mimi hivyo hivyo.

Akaongeza la kunikata maini. Hata ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli tatu tu, mtu anaisikia kidogo. Ili sikio liseme sasa imekuwa mara mbili, inatakiwa nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo mimi na mtu mwenye sabufa ya wati 100 tumepishana kidogo sana. Hilo nililifurahia. Nikamwomba alirudie Mama Zuhura akiwepo.

Kisha akashika bisibisi. Zile spika zangu za pembeni kila moja ina duara tatu, moja kubwa na mbili ndogo za kung'aa. Akafungua. Duara moja ina sumaku na waya. Mbili zilizobaki ni plastiki imebandikwa. Nyuma yake hewa. Akaigonga kwa kucha, ko ko ko. "Hizi urembo," akasema. Mimi nikiwa dukani ndizo nilizozihesabu.

Sabufa yenyewe ndani ina spika ya inchi tano. Fundi akasema sikio la mtu linaanzia hezi 20 mpaka 20,000, na kazi ya sabufa ni zile za chini kabisa, kwenye mitambo ya sinema mara nyingi kuanzia 80 kushuka. Mlipuko wa kwenye muvi, ardhi kutetemeka, helikopta, vinaishi kwenye 40, 30, huko. Kufika huko kunataka spika pana inayosukuma hewa nyingi, inchi nane, inchi kumi, na boksi la mbao nzito. Hii yangu ikifika 60 inaomba maji. Sasa kwa kuwa haiwezi kushuka, imetengenezwa ipige kelele palepale inapoweza, ndiyo ule mdundo wa dum dum unaofanana nyimbo zote.

Akanipa na hadithi. Mwaka 1974 Wamarekani walitoa filamu inaitwa Earthquake, sinema zikafungwa mitambo ya besi iliyoitwa Sensurround, na kwenye jumba moja la sinema kule Hollywood wakatandika wavu chini ya dari ili vipande visiwadondokee watazamaji. Nikakumbuka dari letu, lile lililoingia maji masika. Nikamuuliza niweke wavu? Akaitazama sabufa, akanitazama. Akasema nilale kwa amani.

Nikamuuliza basi kwa nini nisingenunua mtumba, kile kiboksi kizito cha kampuni inayojulikana, wanakiuza elfu sitini. Akasema vile vingi ni mabaki ya homu thieta iliyovunjwa. Boksi zuri, spika nzuri, ila ndani hakina amplifaya, ilikuwa kwenye deki lake, na deki halipo. Na plagi ya waya wake ina umbo haliingii popote duniani. Zile zinazotoka Japani nazo zimezoea umeme wa volti 100. Ukizichomeka kwenye 230 zetu zinacheza mara moja tu, tena zinatoa moshi. Kwa hiyo ningeweza kupigwa vibaya zaidi. Hilo lilinipa moyo, nikamlipa elfu tano ya mazungumzo.

Kuunganisha sasa. Sabufa ina matundu mekundu na meupe. TV yangu nyuma haina nyekundu wala nyeupe. Ina HDMI, ina katundu kanakotoa mwanga mwekundu, na haina hata tundu la hedfoni. Nikajaribu waya wa mekundu na meupe kwenye kila kitobo. TV ikazima. Fadhili ndiye aliyesema kale kenye mwanga ndiko sauti inakotokea, kanataka kiboksi cha kugeuza. Elfu ishirini na tano. Hakuna mtu Kariakoo aliyenitajia hicho kiboksi. Walinitajia taa, walinitajia bluutuuthi, walinitajia tundu la maiki kwamba naweza kuimba. Niimbe nini?

Ikawaka. Mama Zuhura akakaa kwenye kochi, kanga nzuri, karanga kwenye sahani. Nikaweka muvi ya vita, ya kutafsiriwa, maana sisi ambazo hazijatafsiriwa tunaziona picha tu. Nikazungusha besi mpaka mwisho. Ndege ikaja, bomu likadondoka, na kabla halijalipuka mtafsiri akaingia, "Sasa huyu mshikaji anataka kuwalipua hawa jamaaa!" Besi yote ikamwingia yeye. Anaunguruma kama kuna mtu kafungiwa ndani ya pipa. Bomu hatukulisikia. Zile muvi sauti ya mtafsiri imepandishwa juu ya sauti ya filamu, zote zimebanwa pamoja, ile nukta moja ya watu wa sinema ilishatupwa zamani. Mama Zuhura akala karanga mpaka zikaisha, akasema anakwenda kulala, yule baba anamtisha mtoto.

Nikarudi kwa fundi. Akauliza sabufa nimeiweka wapi. Nikamwambia katikati, chini ya TV, ionekane. Akasema hapo ndipo shida. Wimbi la besi ni refu, la hezi 40 linapita mita nane, na chumba chenu ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu. Halina pa kujinyoosha. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mwenzake, sehemu nyingine yanajumlishana, nyingine yanafutana. Unaweza kukaa palepale yanapofutana, hasa katikati ya chumba, ukaona sabufa mbovu kumbe besi imejaa kwenye kona. Nikauliza dawa yake. Akasema dawa ni moja, hata wataalamu wa Ulaya wanaifanya. Ipandishe sabufa kwenye kochi unapokaa wewe. Weka muziki wenye besi. Halafu wewe teremka chini, tambaa kwa magoti kandokando ya ukuta, sikio usawa wa sakafu. Pale utakapoisikia vizuri, ndipo pa kuiweka.

Nikangoja Mama Zuhura aende sokoni. Nikaikalisha sabufa kwenye kochi, nikaweka muziki, nikavua shati kwa sababu ya joto, nikatambaa. Kona ya kwanza kidogo. Chini ya dirisha hamna kitu. Nyuma ya mlango, bwana wee, besi hii hapa! Nikainamisha kichwa zaidi, paji la uso karibu na sakafu, macho nimefumba, naisikiliza kwa raha zangu.

Mlango ukafunguliwa. Nikaona viatu. Nikavijua vile viatu. Ni vya mwenye nyumba.

"Baba Zuhura," akasema, sauti imelainika ghafla. "Hebu simama. Simama, baba. Kodi haimfikishi mtu huku."

Nilitaka kumweleza habari za mawimbi. Nikaona nani atanielewa. Nikabaki chini palepale, nikaongeza kuinamisha kichwa.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi," akasema, akarudisha mlango polepole. Dirishani nikamsikia anamwambia Mama Salha wanisaidie, mambo yangu si mazuri, nimefikia kulia na redio.

Basi sabufa ikahamia nyuma ya mlango, na kweli kona inaongeza besi, fundi hakudanganya. Ila fundi alisahau jambo. Ile kona ukuta wake ni wa Mzee Kondo. Na sauti nyembamba ukuta unaizuia, ila besi inapita tofali inavyotaka. Mimi niko kwenye kochi, naona taa zinafukuzana na mtafsiri anaunguruma kwa mbali. Mzee Kondo yuko kitandani kwake, filamu nzima anayo kifuani.

Alikuja mara ya kwanza kwa hasira. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akanikumbusha kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna NEMC wa mazingira, na kuna kanuni za mwaka 2015 za kelele na mitetemo, akasisitiza hapo kwenye mitetemo, kwa sababu dawa zake za presha zilikuwa zimetembea mezani mpaka zikaanguka. Nikapunguza. Kumbe akaanza kuizoea. Sasa tukikutana asubuhi chooni nikimwamkia anaitika marahaba nzito, kisha ananiuliza, "Yule komandoo, lile bomu la pili lilimpata?" Nami nabaki natumbua macho. Bomu la pili? Mimi nilisikia moja.

Juzi amemleta shemeji yake kulisikiliza. Wamekaa kitandani kwake, mgongo ukutani, wanakunywa kahawa.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua ya laki na tisini na tano kama yangu, usinunue kwa kusimuliwa, njoo kwanza uisikie. Taa utaziona kwangu, bure. Besi bisha hodi kwa Mzee Kondo, chumba cha pili kushoto, na uwahi kabla ya saa nne usiku, maana saa nne analala.